Kushangilia Goli Bila Kukumbatiana

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilijikuta nikifundisha somo ambalo halimo katika silabasi yoyote: jinsi ya kuwazuia wanaume ishirini wasikumbatiane.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Wanaume wenyewe walikuwa wavuvi na mafundi wa mashua wa ufuo wa Dunga, hapa kando ya mji wa Kisumu, na timu yao ya kandanda ilikuwa imekaa miezi mingi bila kugusa mpira. Mechi za mitaani ziliporuhusiwa tena, kamati ya ufuo ilitoa sharti kwamba kila timu iwe na mtu mmoja wa kusimamia mambo ya afya. Timu isiyo na mtu huyo haichezi. Ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa beki wa kushoto wa timu, aliwaambia wenzake kwamba dada yake yuko nyumbani, hana kazi, anahesabu kuku.

Sikuwa na kuku hata mmoja. Lakini nilikuwa nimechoka kuongea na kuta, kwa hiyo nilikubali.

Nilipewa karatasi yenye masharti. Mengi yalikuwa mepesi: wanawe mikono kwenye kibuyu chirizi, lile dumu la maji la kuning'iniza, kabla ya kuingia uwanjani, kila mtu awe na chupa yake ya maji, walio nje ya uwanja wavae barakoa. Niliyasoma mbele ya wachezaji na wote wakaitikia kama kwaya. Kisha nikafika sharti la mwisho, kwamba goli likifungwa wachezaji wasikaribiane wala wasikumbatiane.

Mtu mmoja akacheka peke yake, akaacha.

Nahodha wao alikuwa fundi wa mashua, mtu mpana wa mabega, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kutukanwa kila Jumapili. Alikuna shingo kwa muda, halafu akasema kwa adabu, maana mwalimu huku kwetu huongeleshwa kwa adabu hata anapokosea.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kwenye kona tunashikana, sivyo?"

"Mnashikana."

"Mtu ananivuta jezi, ananipumulia masikioni, ananikanyaga, na refa anaangalia ndege. Dakika tisini namna hiyo. Halafu zile sekunde tatu za kufurahi ndizo zitaniua?"

Wenzake wakampigia makofi. Lilikuwa swali zuri. Nimefundisha miaka mingi na ninajua swali zuri ni lile linalomfanya mwalimu atamani kengele ilie. Redioni watu wenye elimu kunishinda walikuwa wakiuliza hilo hilo. Wengine walisema ni lazima wachezaji wawe mfano kwa watoto wanaowatazama. Wengine walisema ni kichekesho kuwaruhusu watu kusukumana kisha kuwakataza kupongezana. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nilimwambia anipe mpaka Alhamisi.

Siku ile ile nilienda nyuma ya nyumba ya mama yetu. Kulikuwa na tanuri la udongo ambalo alilitumia karibu maisha yake yote kukausha samaki kwa moshi, mbuta hasa, na kuwapeleka sokoni. Sasa lilikuwa limezimwa. Nilikwangua masizi yake nikajaza kopo, nikayachanganya na mafuta ya kupikia, kisha nikatuma ujumbe kwamba Alhamisi kila mchezaji aje na shati kuukuu jeupe.

Walikuja wamevaa mashati ya kila namna, mengine ya shule, moja la harusi. Nilichagua wawili nikawapaka masizi mikononi, vifuani na mashavuni. Niliwaambia wote wacheze dakika ishirini kwa nguvu zao zote, wakabane, wapige kona, na goli likiingia warudi katikati bila kushangilia. Walicheza. Nikawasimamisha mstari mmoja tukatazamana. Kulikuwa na alama hapa na pale: bega la mmoja, kiwiko cha mwingine, mgongo wa mshambuliaji aliyevutwa sana. Mashati mengi yalikuwa bado meupe.

"Sasa," nikawaambia, "fungeni goli moja mshangilie kama mlivyozoea. Moja tu."

Hawakusubiri kuambiwa mara ya pili. Mshambuliaji alipiga mpira kwenye wavu uliokuwa na mashimo mengi kuliko nyuzi, na wote wakamrukia. Kipa alitoka golini kwake akakimbia urefu wote wa uwanja ili asikose, akajirusha juu ya rundo. Walipoinuka, hapakuwa na shati jeupe hata moja. Masizi yalikuwa shingoni, midomoni, masikioni. Kipa, ambaye hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa dakika ishirini, alikuwa na masizi hadi kwenye kope.

Nahodha alilitazama shati lake, akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena.

"Yawa, jamani," alisema polepole. "Kwa hiyo ni pale kwenye raha ndipo tunapopakana."

Niliwaeleza kwamba masizi si korona. Ni picha tu, na kila picha huacha kitu nje. Ugonjwa ule ulisafiri kwa pumzi zaidi kuliko kwa mikono, na upepo wa ziwa ulikuwa upande wetu. Lakini niliwaambia pia jambo ambalo wao walilijua kunishinda. Mashua zote huvuja kidogo, na mawimbi huingia hata ukiwa fundi. Hakuna anayeacha kuyachota maji kwa sababu mawimbi bado yanaingia, na hakuna anayeongeza maji kwa mkono wake mwenyewe. Kona ni wimbi. Kukumbatiana ni mtu kuinama, kuchota ziwa kwa ndoo na kulimwaga ndani.

Walienda kuoga. Nilidhani somo limekwisha.

Lazima niseme kwa nini jambo hili halikuwa mchezo kwangu. Mama yetu alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Na kifua chake, baada ya miaka yote ile ya kuinamia moshi, kilikuwa kibovu kiasi kwamba akicheka sana ilibidi tumshike. Daktari alitueleza waziwazi: ugonjwa huu ukiingia katika nyumba ile, hatutakuwa na muda wa kuitana.

Tulimtunza wawili. Mimi nilimwogesha na kumvalisha. Ndugu yangu alimbeba. Mama alikuwa mwanamke mkubwa, na mimi peke yangu sikuweza hata kumgeuza vizuri kitandani. Kila asubuhi ndugu yangu alitoka nyumba yake ndogo pale pale bomani, akaingia, akamwinua mikononi kama mtu anayeinua mtoto aliyelala, akampeleka kwenye kiti cha nje ambapo aliweza kuona maji na wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwa. Jioni akamrudisha. Baadhi ya wazee wa ukoo walinong'ona kwamba mwanamume mzima hapaswi kuingia chumba cha mama yake. Mama akawajibu kwamba yeyote mwenye mgongo bora na aje ambebe yeye, na minong'ono ikaisha.

Kwa hiyo nilikuwa nimeweka sheria ya nyumbani, kali kuliko ya kamati. Ndugu yangu akicheza, avae barakoa kila anapomkaribia Mama. Na kama kuna mtu yeyote atamkumbatia uwanjani, basi siku kumi na nne hamgusi Mama. Siku kumi na nne Mama angelala kitandani akitazama mabati, akisubiri vidonda vya mgongo. Tulilijua hilo wote watatu.

Unaweza kuuliza, kwa nini nisimkataze tu kucheza. Nilijaribu. Mama ndiye aliyekataa. "Huyu anabeba mtu kila siku," alisema. "Jumapili mwacheni akimbie mikono mitupu."

Baada ya masizi, wachezaji walikubali kwamba lazima wapate njia nyingine ya kufurahi. Walijaribu kugongana viwiko kama walivyoona kwenye televisheni, wakaacha kwa sababu kila mtu alisema wanafanana na kuku wanaotaka kuruka. Ndipo mshambuliaji akaja na wazo ambalo sote, nami nikiwemo, tuliliona kuwa la hekima. Alisema, kwa nini tusifanye pakruok?

Kwa asiyejua, pakruok ni desturi yetu Waluo. Muziki ukiwa umenoga, mtu husimama, akausimamisha, kisha akajisifu mbele ya watu, au akamsifu rafiki yake, kwa maneno matamu na ya kuchekesha kadiri awezavyo. Halafu muziki unaendelea. Mtu hamgusi mtu. Nilifurahi sana. Nilisema hii ndiyo maana ya kutatua tatizo kwa vitu vya nyumbani.

Mechi ya kwanza tulicheza na timu ya jirani. Kabla ya mapumziko mshambuliaji akafunga. Wote wakasimama mbali kidogo, kwa utii mkubwa, naye akainua mkono.

"Mimi hapa ndiye kiboko wa mafunjo," akaanza. "Nikitoka, hata mwenye bunduki ananiomba njia. Mke wangu akipika, majirani wanakula harufu wanashiba. Na huyu fundi mnayemwona, mashua aliyotengeneza ilipotea, ikarudi nyumbani peke yake."

Watu wakaangua kicheko. Nahodha naye hakuweza kukaa kimya baada ya kusifiwa hivyo, maana sifa hujibiwa. Akamsifu kipa, kwamba mpira ukimwona unakumbuka una kazi nyingine. Kipa akamjibu kutoka golini kwa sauti ya kuita watu walioko majini. Upepo ulikuwa ukivuma, maneno yakawa hayasikiki vizuri, basi kila mtu akasogea hatua moja. Kisha nyingine. Mtu akamsifu refa, ambaye alitabasamu akaja kusikia mwenyewe. Nilipotazama saa, zilikuwa zimepita dakika nne, na mbele yangu palikuwa na wanaume kumi na wawili, bega kwa bega, wakipiga kelele na kucheka midomo wazi katika nyuso za wenzao.

Tulikuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Mimi ndiye niliyewaeleza kwamba ugonjwa unasafiri kwa pumzi, na mimi ndiye niliyebariki desturi ambayo pumzi ndiyo kazi yake. Sekunde tatu za kukumbatiana zilikuwa afadhali mara nyingi.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa mahali pengine. Ndugu yangu hakuwa kwenye kundi. Alikuwa amekwenda kusimama karibu na kibendera cha kona, peke yake, amewapa mgongo akitazama ziwa. Walimwita. "Beki, njoo usifiwe!" Akapunga mkono bila kugeuka. Sheria yangu ndiyo iliyomsimamisha pale.

Jioni hiyo, baada ya kumrudisha Mama kitandani, aliniambia tukiwa jikoni, "Dada, nitaacha mpira."

"Kwa sababu ya leo?"

"Kwa sababu nikisimama mbali wanadhani nawaringia. Na nikisogea, siku hiyo hiyo namkosa Mama. Nimechoka kupima hatua."

Mama ndiye aliyejibu kutoka chumbani, maana kiharusi hakikugusa masikio yake. Alisema tu, "Mwiteni fundi."

Nahodha alikuja kesho yake asubuhi. Nilimwomba asimame nje ya ua wa michongoma, na akasimama pale na barakoa yake, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na chifu. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Tangu augue alizungumza taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua omena na kutoa mawe.

"Wewe fundi. Mtoto wangu amekuchezea miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, Mama."

"Amefunga magoli mangapi?"

Nahodha alimtazama ndugu yangu, akanitazama mimi. "Mama, kazi ya beki ni kuzuia."

"Nimekuuliza mangapi."

"Bado, Mama."

"Bado." Mama akapumzika kidogo. "Basi mwambie afunge kwanza ndiyo aache. Mtu hawezi kutoka kwenye karamu kabla hajanawa mikono."

Ndugu yangu akainamisha kichwa akicheka bila sauti. Wenzake walikuwa wamemtania kwa jambo hilo miaka yote. Walimwambia siku atakayofunga, omena watauzwa bure ufuo mzima. Nahodha hakucheka. Alikuwa akiifikiria ile habari kwa uzito wote, kama anayeangalia ubao uliopinda.

"Mama, tuseme amefunga," alisema. "Wale watu nitawashika vipi? Kumi na miwili ni miaka mingi. Watamrukia hata mimi nikikataza. Mimi mwenyewe nitamrukia."

Hapo ndipo nilipomweleza kwa mara ya kwanza sheria yetu ya siku kumi na nne. Sikuwa nimewaambia wachezaji, nadhani kwa kuona aibu kwamba ninaitumia timu nzima kumlinda mtu mmoja. Nilimweleza kuhusu kifua cha Mama, na kuhusu mgongo wangu usioweza, na kile kiti. Nilieleza taratibu, kama ninavyoeleza mambo yote, na nilipomaliza alikuwa ameikunja kofia yake hadi ikawa kama kitambaa.

"Mwalimu, hiyo ulipaswa kutuambia siku ya kwanza," alisema. "Ulituletea masizi. Masizi ni kitu kidogo."

Sijawahi kukosolewa kwa haki namna ile. Nilikuwa nimewapa picha nzuri sana ya ugonjwa, nikawanyima mtu wa kumlinda.

Alienda zake, na mazoezi yaliyofuata aliwakusanya wachezaji kabla sijafungua mdomo. Aliwaambia yote. Kisha akawauliza swali moja.

"Mko majini, mnavuta wavu. Samaki mkubwa ameingia, mkubwa kuliko wote mliowahi kuona. Nani anaacha nafasi yake kwenda kumtazama?"

"Hakuna," mtu akajibu.

"Kwa nini?"

"Mashua itapinduka."

"Basi."

Hakuongeza neno. Mimi ningeongeza kumi. Wale watu walikuwa wamevua pamoja tangu ujana wao, na kila mmoja alikuwa na mahali pake katika mashua: wa mbele, wa kamba, wa kuchota maji. Walijua kwa miili yao kwamba kuna furaha ambayo unaipokea ukiwa umesimama pale pale ulipo, miguu imekaza, hata mikono ikitetemeka. Sharti likawa hilo. Goli likifungwa, kila mtu abaki alipokuwa. Asogee asogeavyo moyoni.

Majuma matatu baadaye timu ya Usenge ilikuja kutoka upande wa Bondo, safari ndefu, wengi wao wavuvi kama sisi. Walikuwa wazuri. Mpaka kipindi cha pili kinaelekea kuisha hapakuwa na goli, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kibuyu chirizi nikiomba mechi iishe hivyo hivyo, bila mtu kufurahi kupita kiasi. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuombea timu yake isifunge.

Tulipata kona. Ndugu yangu kwa kawaida hubaki nyuma wakati wa kona. Siku hiyo nahodha alimpungia mkono aende mbele, na mpaka leo hasemi kwa nini. Mpira ulipigwa vibaya, ukagonga bega la mtu wa Usenge, ukaanguka katikati ya miguu mingi, na ndugu yangu, ambaye nadhani alikuwa akijaribu kuukwepa, aliugusa kwa ugoko. Uliviringika taratibu sana. Kipa wao aliufuata kwa macho. Ukavuka mstari.

Kwa muda hakuna aliyefanya kitu, kwa sababu hakuna aliyeamini. Kisha ndugu yangu akageuka na kukimbia, kama ambavyo miguu ya kila mfungaji inajua kukimbia, moja kwa moja kwa nahodha, mikono imefunguliwa.

Nahodha alirudi nyuma. Aliinua viganja vyake viwili mbele ya kifua na kurudi hatua kwa hatua, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Hapana, omera, kaka," alimwambia. "Kaa mbali. Kaa mbali nami. Una mtu wa kubeba jioni."

Ndugu yangu akasimama. Akageuka upande mwingine, na kote alikogeuka mtu alikuwa amesimama alipo. Mshambuliaji alikuwa amejishika kichwa. Winga alikuwa amepiga magoti palepale na kung'oa nyasi kwa mikono miwili. Kule mwisho wa uwanja kipa alikuwa amekumbatia mlingoti wa goli, ule mti wa mkalitusi, kwa nguvu hata ukatikisika. Hakuna aliyesogea. Wachezaji wa Usenge walisimama wakitutazama, hawaelewi ni timu gani hii inayofunga na kukaa kama iko msibani.

Hatari pekee ilitoka nje. Mzee mmoja mnunuzi wa samaki, mtu mnene mwenye moyo mwema, alivuka mstari mbio na mikono mipana kama mbawa. Wachezaji kumi walimpigia kelele kwa pamoja: "Mzee, rudi!" Alisimama kama aliyekanyaga mwiba, akaangalia nyuma yake kuona ni mzee gani, kisha akarudi akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima.

Nami nilikuwa nimesimama bila kujua. Kiti changu kilikuwa kimeanguka. Nakiri kwamba mguu wangu mmoja ulikuwa ndani ya mstari wa uwanja, na nilihitaji kutumia nguvu kuurudisha. Ndugu yangu alikuwa katikati ya watu wote wanaompenda, kila mmoja hatua chache kutoka kwake, na alikuwa peke yake kabisa. Aliinua mkono mmoja, akaushusha. Akarudi mahali pake pa beki, akainama akafunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Watu huniuliza hata leo kama sharti lile lilikuwa la haki. Sasa timu hukumbatiana tena, na wanarundikana kuliko zamani, kana kwamba wanalipiza. Mimi huwajibu kwamba kwa wachezaji wote duniani sijui. Waliokuwa wakibishana redioni huenda walikuwa sawa pande zote mbili. Ninachojua ni cha uwanja mmoja, kwamba watu waliambiwa ni nani anayelindwa, na walipomjua hawakuhitaji kusimamiwa na mimi.

Jioni ile ndugu yangu alioga kwa sabuni mara mbili, akabadilisha nguo, akavaa barakoa mpya. Mimi nilikuwa nimemaliza kumwosha Mama miguu. Alikuwa bado kwenye kiti chake cha nje. Alikuwa amezisikia kelele kutoka uwanjani, na jirani alikuwa ameshapita kando ya ua akitangaza. Alimtazama mwanawe akija.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, Mama. Kwa ugoko."

"Waliokukumbatia ni wangapi?"

"Hakuna."

"Hata fundi?"

"Hata yeye."

Mama akavuta pumzi. Kisha akasema kwa Kiluo, "*Bi ka*," njoo hapa.

Ndugu yangu alinitazama. Alikuwa akiomba ruhusa, mwanamume wa miaka thelathini na sita, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ya masharti. Hakuna mtu aliyekuwa amemkumbatia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Aliinama kama alivyoinama kila jioni, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo. Lakini alipotaka kumwinua hakuweza, kwa sababu Mama alikuwa amemzungushia shingoni mkono wake wa kulia, ule mzima, mkono uliogeuza samaki juu ya moto miaka arobaini, na akamshikilia pale. Alimvuta hadi paji la uso la ndugu yangu likalala begani mwake. Mgongo wa ndugu yangu ulikuwa umepinda vibaya, mkao ambao hakuna mtu angeweza kuuvumilia kwa muda. Aliuvumilia. Nilimwona mabega yakitikisika, nikachukua beseni la maji nikajifanya natafuta pa kulimwaga.

Niliporudi walikuwa bado vile vile.

"Miaka kumi na miwili," Mama alikuwa akimwambia sikioni, neno moja moja. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Mimi ni beki, Mama," alisema ndugu yangu kutoka begani mwake.

"Najua," akasema, na hakumwachilia.